Kwa nini redio yako haipigi tena nyimbo zile

Zikipigwa nyimbo za dansi za zamani, kama za Mlimani Park au Mbaraka Mwinshehe, redioni Jumapili mchana, ujumbe wa wasikilizaji humiminika, na mwingi huuliza jambo lilelile: mbona hamtupigii hizi kila siku? Majibu ya mtaani yako tayari. Watangazaji wa siku hizi hawaujui muziki. Wenye vituo wanafuata pesa tu. Vijana wameharibu ladha. Yamo ya kweli ndani yake, lakini mengi yanawatupia lawama watu wasiohusika. Anayetaka kuelewa redio yake ilikopotelea aangalie mambo matatu ambayo msikilizaji hayaoni: wimbo ulikuwa unatoka wapi, wimbi la redio lilikuwa linafika wapi, na nani alikuwa anauchagua.

Tuanze na maneno, kwa sababu mabishano mengi hutokana na kuyachanganya. Kituo ni taasisi yenyewe: ofisi, studio, wafanyakazi na leseni. Masafa ni mahali pake kwenye redio yako, ile namba unayotafuta. Idhaa ni mkondo wa matangazo, na kituo kimoja kinaweza kuwa na idhaa kadhaa. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara na Idhaa ya Nje. Fomati ndilo neno jipya kati ya haya, nayo ni uamuzi wa kituo kizima kuwa kitampigia msikilizaji wa aina gani, muziki gani, kwa mpangilio gani, kutwa nzima na wiki nzima. Halafu kuna zilipendwa, ambazo Wakenya huziita zilizopendwa: nyimbo zilizovuma zamani na bado zinatambulika. Mpaka wa hiyo "zamani" hausimami mahali pamoja, na tutaurudia kwa sababu umewakosanisha wengi na vituo vyao.

Mtu anaposema "redio yetu imebadilika", mara nyingi anamaanisha kwamba amehamishwa kutoka kwenye idhaa na kuingizwa kwenye fomati. Idhaa ilikuwa kama sinia la shughuli, ambapo wote huketi na kula kilichopo, wakubwa kwa wadogo. Fomati ni duka la chipsi. Linajua wateja wake ni akina nani na wanakuja saa ngapi, na halitapika ugali hata wazee kumi wakija kuuliza.

Redio ilipokuwa ndiyo studio

Matangazo ya Dar es Salaam yalianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 yakawa shirika, na mwaka 1965 serikali ikayachukua moja kwa moja, ndipo likaja jina la Radio Tanzania. Kwa karibu miaka thelathini baada ya hapo, Tanzania Bara haikuwa na kituo kingine cha kushindana nacho. Zanzibar ilikuwa na redio yake, iliyobeba taarabu kama RTD ilivyobeba dansi.

Linalosahaulika ni kwamba RTD haikuwa inapiga muziki tu. Ndiyo iliyokuwa inaurekodi. Tanzania haikuwa na kiwanda kinachofanya kazi cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa nyembamba sana. Kilichobaki ni studio ya redio. Bendi ilipeleka mashairi yake kwanza, yakakaguliwa na kupitishwa. Siku ikipangwa, wanamuziki waliingia na vyombo vyao, wakapiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mchanganyo ukaenda moja kwa moja kwenye mkanda. Mpiga tumba akikosea dakika ya sita, wimbo unaanza upya. Bendi ililipwa ujira wake, mkanda ukabaki maktaba ya redio.

Kwa hiyo NUTA Jazz, Vijana Jazz, Maquis, Mlimani Park, Western Jazz na Morogoro Jazz walisikika mfululizo kwa sababu ya wazi: kituo kilikuwa kinapiga mali yake kilichoirekodi chenyewe, na hakikuwa na mpinzani. Upendo kwa muziki wa nyumbani ulikuwepo, na sera ya taifa ilikuwepo, lakini chini ya yote palikuwa na rafu zilizojaa mikanda. Kenya inatupa kipimo kizuri. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa ipige asilimia 75 ya muziki wa nyumbani, na agizo hilo halikudumu. Amri ya kupiga haitoshi. Lazima pawepo na wingi wa nyimbo zilizorekodiwa, na watu waliozoea kuzisikia.

Hapa kuna dhana moja ya kuondoa: kwamba redio ya zamani ilipiga kila kitu bila kuchuja. Ilichuja sana, mashairi na hata nani aingie studio. Tofauti ni kwamba mchujo ulifanyika mlangoni, kabla ya kurekodi. Ukishapita, wimbo ulikuwa na nafasi ya kurudi hewani kwa miaka mingi. Leo kurekodi ni rahisi kwa kila mtu, na mchujo umehamia kwenye kupigwa.

Wimbi lenyewe lilikuwa na ladha

Wengi wanaokumbuka redio ya zamani wanakumbuka pia sauti yake, ile iliyokuwa kama inatoka chumba cha pili, ikienda na kurudi usiku. Ile haikuwa betri kuisha.

RTD ilisafiri kwa wimbi la kati na wimbi fupi. Wimbi la kati hugawiwa kwa vipande vya kilohezi 9 kila kituo, na kipande hicho huruhusu sauti ya hadi kilohezi 4.5 hivi. Sauti ya mwimbaji inapita, besi inapita, gitaa la solo linapita. Kinachokatwa ni mng'aro wa juu: tasa za dramu, kayamba, zile "s" kali za maneno. FM hupitisha hadi kilohezi 15, na kwa stereo. Ndiyo maana rekodi ileile ya miaka ya 1970 ukiisikia leo kwenye FM unaona ni wazi kuliko ulivyoizoea, na wengine husema "wameiharibu". Hawajaiharibu. Sikio lilizoea pazia, na pazia limeondolewa. Ila kuna kinachoharibika kweli: vituo vingi vya FM hupitisha sauti kwenye mtambo unaobana tofauti kati ya sehemu za sauti ndogo na za sauti kubwa, ili kituo kisikike kikubwa ndani ya daladala. Kwenye wimbo wa dansi, ambao huanza taratibu na kupanda hadi kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi, mtambo huo unaupandisha mwanzo ulingane na mwisho. Chemko linafika na hulisikii kuwa limefika.

Kuhusu umbali: mchana, jua huijaza anga ya juu tabaka linalomeza wimbi la kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, wimbi hupanda, linagonga tabaka la juu zaidi na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo sababu mtu wa Kigoma au Mwanza alipata usiku vituo vya nchi jirani ambavyo mchana havikuwepo kabisa.

FM haifanyi hivyo. Inakwenda takriban kama macho yanavyoona, hadi upeo. Mnara wenye antena mita 100 juu ya eneo linalouzunguka, na redio yako mita 2 kutoka ardhini, unapata kilomita 47 hivi kwenye tambarare. Mlima ukiingia kati, umeishia hapo. Nyuma ya Uluguru unaweza kuwa karibu na mnara kwa ramani na usisikie kitu. Basi likiondoka Dar es Salaam na kuipita Kibaha kuelekea Chalinze, vituo vya jiji huanza kukwaruza kimoja baada ya kingine. Kituo kinachotaka nchi nzima kinalazimika kuweka mtambo mwingine kila eneo, kwa masafa tofauti kila mahali, na ndiyo maana dereva wa masafa marefu anatafuta upya kituo kilekile kila mkoa.

Jambo hili la kifundi ndilo lililoigeuza ladha. Mitambo mikubwa ya wimbi la kati na wimbi fupi ilimhudumia mvuvi wa Kilwa na mkulima wa Sumbawanga kwa wimbo mmoja, kwa hiyo wimbo ulipaswa kuwafaa wote wawili. Mnara wa FM unahudumia jiji na vitongoji vyake, na jijini unashindana na minara mingine mingi. Anayewahudumia watu wa eneo dogo mbele ya wapinzani wengi hana budi kuchagua kundi.

1994 na vituo visivyo na mikanda

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango, na mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani. Radio Free Africa ya Mwanza, Clouds FM na wengine wakafuata. Kenya nako Capital FM ilianza 1996, na mwaka 2000 Kameme FM ikaonyesha kuwa hata lugha inaweza kuwa fomati, ilipotangaza kwa Kikuyu. Leo vituo vyenye leseni Tanzania vimezidi 200, kila kimoja na eneo lake: taifa, mkoa, wilaya au jamii.

Sasa jiweke kwenye viatu vya kituo kipya cha 1994. Una mtambo, una watangazaji, una saa nyingi za kujaza. Miaka thelathini ya muziki wa dansi iko kwenye mikanda ya RTD, na mikanda hiyo si yako. RTD iliuza baadhi ya rekodi zake kwa kaseti, lakini kaseti ya dukani ni nakala ya nakala, na kwenye FM mvumo wake unasikika wazi. Kilichopatikana kwa urahisi, safi na kwa wingi kilikuwa CD kutoka nje: muziki wa Marekani, rege, zouk, muziki wa Kongo uliorekodiwa Paris. Vituo binafsi vikaanza na hivyo. Vijana wa Dar es Salaam waliokuwa wanarapu kwa Kiswahili wakapata pa kusikika, na katikati ya miaka ya 1990 jina Bongo Fleva likaanza kutumika hewani. Mtangazaji anayetajwa sana kwa jina hilo ni Mike Mhagama wa Radio One. Studio za kompyuta kama MJ Productions na Bongo Records zikafanya kile ambacho zamani kilihitaji jengo la redio. Msanii akatoka na CD mkononi, akazunguka vituo vyote kwa siku moja.

Kwa hiyo dansi halikufukuzwa na Bongo Fleva kama inavyosemwa. Dansi lilikuwa limefungwa ndani ya maktaba moja wakati milango kumi mingine inafunguliwa, na muziki uliokuja na CD mkononi ndio ulioingia.

Hesabu ya saa moja

Hapa ndipo penye kiini, na inafaa kukaa nayo kwa kalamu.

Chukua saa moja ya kituo cha FM cha kawaida siku ya kazi. Taarifa ya habari dakika 5. Matangazo ya biashara dakika 12. Mtangazaji kuongea, simu na ujumbe dakika 8. Jingo na promo za vipindi dakika 2. Zimebaki dakika 33 za muziki. Wimbo wa leo una dakika tatu na kidogo, kwa hiyo zinaingia nyimbo 10. Wimbo wa dansi wa kawaida una dakika 6 hadi 8, kwa hiyo zinaingia 4. Meneja wa vipindi akiutazama wimbo wa dakika 7 anaona nafasi ya nyimbo mbili, na anajua kila wimbo mpya ni fursa ya kumshika msikilizaji mwingine. Akiupiga, atamruhusu mtangazaji aukate dakika ya nne ili aingize tangazo, yaani kabla tu ya chemko. Mwimbaji alijenga wimbo mzima kuelekea pale, na hapo ndipo unapozimwa. Kwa maoni yangu hili ni kosa kubwa kuliko kutoupiga kabisa, kwa sababu kijana anayeusikia mara ya kwanza anaondoka akidhani dansi ni muziki usiofika popote.

Zile nafasi 10 hazijazwi kiholela. Vituo vinavyofuata fomati hugawa nyimbo zao kwa makundi, na kila kundi lina mzunguko wake. Mfano wa kituo cha saa 24: kundi la kwanza lina nyimbo 7 zinazovuma sana, na kila saa zinapigwa 3. Kila wimbo unarudi baada ya saa 2 na dakika 20, yaani mara kumi kwa siku. Kundi la pili lina nyimbo 13, tatu kwa saa, kila mmoja unarudi baada ya saa 4 na dakika 20. Kundi la tatu, zinazopanda au zinazoshuka, nyimbo 21, mbili kwa saa, unarudi baada ya saa kumi na nusu. Kundi la mwisho ni zilipendwa 150, mbili kwa saa, na kila mmoja unarudi baada ya saa 75, siku tatu na zaidi. Jumla ni nyimbo 191. Kituo kinachotangaza kutwa kucha wiki nzima kinaweza kuendeshwa na nyimbo zisizofika 200.

Mbona 7 na 13, si 6 na 12? Ukiweka 6 na kupiga 3 kwa saa, kila wimbo unarudi kila baada ya saa 2 kamili, na kwa kuwa siku ina saa 24, utaangukia saa zilezile kila siku. Anayepanda daladala saa 1 asubuhi atausikia wimbo mmoja kila asubuhi hadi auchukie, na mwingine hatausikia kamwe. Namba isiyogawanyika inausogeza kidogo kila siku. Kituo kinachorudia wimbo uleule saa ileile siku tano mfululizo, mara nyingi ni hesabu hii imekosewa.

Na mbona nyimbo chache hivyo, wakati maktaba ina maelfu? Kwa sababu fomati imejengwa juu ya msikilizaji wa nusu saa. Wazo hilo ni la zamani: mapema miaka ya 1950 huko Omaha, Marekani, Todd Storz aliona watu wanavyotia sarafu kwenye mashine ya santuri na kuchagua nyimbo zilezile siku nzima, akaipanga redio yake hivyo. Mtu wa nusu saa ndani ya gari akikuta wimbo anaoujua, anabaki. Akikuta asioujua, anahama. Anayeumia ni msikilizaji wa kutwa: fundi cherehani barazani, mama wa genge, mlinzi wa usiku. Yeye anausikia wimbo mmoja mara nne au tano kabla ya kufunga kazi. Na huyu ndiye aliyekuwa mwenye redio kwelikweli enzi za idhaa, maana ilipangwa kwa mtu asiyeizima. Manung'uniko yake ni ya haki, hata kama hesabu ya kituo nayo ni sahihi kwa namna yake.

Hapo hapo tumalize dhana ya mtangazaji asiyejua muziki. Kwenye kituo cha fomati, mtangazaji wa asubuhi hana mamlaka ya kuchagua wimbo. Orodha hutoka kwa msimamizi wa muziki, imepangwa na programu ya kompyuta usiku uliotangulia, na kazi ya mtangazaji ni kuongea kati ya nyimbo. Usiku wa manane pengine hayupo hata studio; alirekodi maneno yake mchana na kompyuta inayaingiza mahali pake. Ukitaka kulalamika kuhusu nyimbo, mwandikie msimamizi wa muziki au meneja wa vipindi. Taja wimbo, bendi, na saa ambayo huwa unasikiliza, kwa sababu saa ndiyo inayomwonyesha ni nafasi ipi unayoizungumzia.

Na pesa za kupigiwa wimbo? Malalamiko hayo yapo kila nchi yenye redio, na pale yanapokuwa kweli ni dhuluma kwa msanii asiye nacho. Lakini pesa hugombea nafasi za kundi la kwanza na la pili. Hakuna anayelipa ili Kilwa Jazz waondolewe. Wanapungua kwa sababu hawana meneja wa kuwatembeza, wala wimbo mpya wa kutangaza, wala onyesho Jumamosi ijayo la kuuza tiketi.

Kompyuta isiyojua Msondo ni nani

Hata kituo chenye nia njema ya kupiga zilipendwa hukwama mahali padogo: jina kwenye faili. Programu hupewa sharti kwamba bendi moja isirudi kabla ya saa kadhaa. Lakini kompyuta inajua maandishi tu. Rekodi moja imeandikwa NUTA Jazz, nyingine JUWATA Jazz, ya tatu OTTU Jazz, ya nne Msondo Ngoma. Ni bendi ileile iliyozaliwa 1964 na kubadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika. Kompyuta inaona bendi nne, inazipiga mfululizo. Vivyo hivyo Mlimani Park, DDC Mlimani Park na Sikinde. Mbaraka Mwinshehe yuko na Morogoro Jazz hapa na Super Volcano pale.

Kosa la pili ni mwaka. Nyimbo nyingi za zamani zimefika vituoni kutoka mtandaoni, na faili linabeba mwaka lilipopakiwa. Wimbo wa 1975 unaandikwa 2012, unaangukia kundi lisilo lake, kisha haupigwi kabisa kwa sababu "haufanani" na wenzake.

La tatu ni kasi. Mkanda ukichezwa haraka kidogo wakati wa kunakiliwa, sauti inapanda. Kasi ikizidi kwa asilimia 6, wimbo wote umepanda nusu toni, na mwimbaji mwenye sauti nzito anakuwa kijana. Nakala kama hizo zimejaa mitaani, na watu wamezizoea. Pima kwa gitaa lililotiwa sauti sawasawa: ukikuta wimbo hauangukii kwenye nyuzi popote, uko katikati ya noti mbili, shaka ya kwanza iwe kasi ya mashine.

Tiba ya haya yote ni mtu mmoja anayezijua bendi, aliyekaa na orodha kwa wiki mbili hivi: jina moja la msingi kwa kila bendi, jina la wakati ule kwenye safu ya pili, mwaka wa kurekodiwa, urefu, na alama ya dakika chemko linapoanza ili asiyejua asikate. Zilipendwa 150 ni kazi ya siku kama kumi.

Mpaka unaosogea

Sasa turudi kwenye neno zilipendwa. Watu hushikamana zaidi na muziki wa ujana wao. Kituo cha 1994 kilichomlenga mtu wa miaka 40 kilimtafutia nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa na miaka 17 hivi: hapo utakuta Western Jazz na Morogoro Jazz. Kituo cha 2025 kinachomlenga mtu wa miaka 40 kinamtafutia nyimbo za 2002. Hizo ni Bongo Fleva. Hakuna aliyebadili kanuni. Mtu wa miaka 40 ndiye mwingine. Aliyekuwa na 40 mwaka 1994 sasa amepita 70, na watangazaji wa biashara ya sabuni na vocha hawamnunulii muda. Ndiyo maana dansi limesukumwa Jumapili na usiku, saa ambazo matangazo ni machache na dakika 7 za wimbo hazimuumizi mtu. TBC, mrithi wa RTD, ina nafasi ya kufanya tofauti kwa kuwa haiishi kwa sabuni peke yake, na hapo ndipo msikilizaji ana haki ya kudai zaidi.

Kuna kitu kingine kilichoondoka bila kuuawa na mtu, nacho ni salamu. Msikilizaji alijaza kadi: jina lake, sanduku la posta, kijiji, majina ya anaowasalimu, ujumbe, na wimbo. Kipindi kizima kilikuwa majina ya watu na vijiji vyao, na wimbo ulipigwa kwa sababu mtu wa Masasi aliuomba kwa ajili ya shemeji yake wa Tanga. Kenya vilabu vya salamu vilikua hadi kuwa vyama vya kufahamiana na kuzikana. Simu ya mkononi ilipofika, shemeji alipigiwa moja kwa moja. Mtangazaji sasa anasoma jumbe nane kwa dakika, na wimbo unaofuata ulikwisha kupangwa jana usiku. Mkono wa msikilizaji umetoka kwenye uchaguzi wa wimbo, na hilo linaumiza watu kuliko wanavyoweza kulitaja.

Kama una kaseti ndani

Familia nyingi zilikuwa zinarekodi redio kwenye kaseti, na ndani yake mna vitu ambavyo huenda havipo maktaba yoyote: sauti ya mtangazaji, salamu, tangazo, ngoma ya taarifa ya habari. Zinakufa kwa joto na ukungu, kwa hiyo anza mapema.

Kwanza vunja vile vijipande viwili vya plastiki juu ya kaseti, ili usije ukarekodi juu yake. Ukiona unga mweupe kwenye mkanda, huo ni ukungu; usiuchomeke kwenye mashine, utaambukiza na nyingine. Safisha kichwa cha kusomea na rola ya mpira kwa kijiti cha pamba na spiriti, subiri ikauke. Peleka mkanda mbele hadi mwisho na kurudi mara moja, ili uliokuwa umegandamana uachie. Ukicheza sauti ikawa imefunikwa, geuza taratibu skrubu ndogo ya kando ya kichwa hadi mng'aro urudi; kila kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine huenda ikahitaji kugeuzwa upya. Chomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio hadi kwenye kompyuta, weka sauti isigonge juu, rekodi kwa WAV ya kilohezi 48 na biti 24. Kila dakika itakula megabaiti 17 hivi, kaseti ya dakika 60 ni gigabaiti moja. MP3 tengeneza baadaye kwa kusambaza. Ile kubwa iache ilivyo.

Mikanda mikubwa ya rili isijaribiwe nyumbani. Baadhi ya ile ya miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hunyonya unyevu, ikawa inanata na kupiga kelele ikipita, na mafundi huikausha kwa joto la nyuzi 54 kwa saa nane au zaidi kabla ya kuinakili. Lakini mikanda ya kale zaidi ni ya asetati, na joto hilo huiangamiza. Inua rili kwenye mwanga: ikipitisha mwanga kama karatasi ya mafuta, ni asetati, na haipashwi kamwe.

Ukimaliza, usikate sehemu zisizo na wimbo. Iandike faili kwa jina la kituo, kipindi kama kinatajwa, mwaka hata kwa kukadiria kutokana na habari zinazosikika, na mahali iliporekodiwa. Kisha mpe mtu mwingine nakala, aiweke nyumba nyingine.